Kibao cha Feridun

Shina lake ni jicho: göz.
Ndivyo wanavyolitamka Kars, mji wa mawe meusi,
ambako theluji hukaa hadi Aprili
kama mgeni asiyejua kuaga.

Jicho ukilifunga mkia wa lük, linakuwa miwani.
Miwani ukiifunga çü, anatoka mtu,
ameinamia meza, bisibisi ndogo vidoleni,
pumzi yake ikitia ukungu vioo vya watu.
Na mtu huyo ukimfunga lük tena, ileile ya mwanzo,
mtu anatoweka, inabaki kazi:
gözlükçülük.
Herufi kumi na moja za shaba
alizozipigilia Feridun Aksungur juu ya mlango
mwaka aliooa.

Sisi neno tunalitwika kichwani.
Sonara tunamtwika u, unakuwa usonara;
jicho tukilitanguliza ki, linageuka kijicho,
na kijicho, kama ujuavyo, hakitazami kwa wema.
Wao hushonea nyuma, pindo juu ya pindo,
na kila pindo jipya huiuliza irabu iliyolitangulia:
mwenzangu, leo umevaa nini?
Nalo huvaa vivyo hivyo.

Upepo ulianzia mwisho.
Majira ya baridi yale yaliyopasua mabomba ya mtaa mzima
lük ya mkiani ilidondoka thelujini.
Nakşidil akatoka na ufagio, akasoma kilichobaki,
akacheka mpaka akashika ukuta:
“Feridun! Kazi imekwenda, umesalia wewe!”
Feridun hakucheka.
Wateja walikwishaanza kununua miwani kwa simu,
inawafikia kwenye boksi, hakuna aliyewapima pua.
Aliziokota herufi tatu, akazifuta kwa kitambaa cha vioo,
akazitia kwenye droo.

Ningependa kusema çü ilianguka siku ya maziko yake.
Haikuanguka.
Ilikaa pale miezi saba ikimwita mtu asiyekuwepo,
mpaka Nakşidil akaazima ngazi kwa muuza jibini
akaing’oa mwenyewe, kwa bisibisi ya marehemu,
bila glovu.
Akabaki akiuza miwani: gözlük, basi.
Miwani bila fundi. Bei nusu.
Ya mwisho ilipouzwa, akapanda tena.

Göz haikung’oka. Parafujo zilishikwa na kutu.
Jicho likabaki peke yake juu ya mlango uliofungwa,
wapita njia wakadhani ni kinga ya husuda.
Mmoja alipiga picha.

Kisha akaja Tuğrul, mjukuu, miaka sita,
mtoto wa kunusa kitabu ili akisome.
Bibi akamvisha fremu ya babu yake, vioo vipya,
kamba nyuma ya kisogo isianguke.
Akatoka nje. Akatazama juu.
Akasoma kwa sauti, polepole, silabi moja,
kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kuiona:
göz.

Jioni droo ilikutwa wazi.
Herufi zimemwagwa zuliani, L na K zimesukumwa kando,
nukta za shaba zimetawanyika kama ufuta.
Ngazi, mara ya tatu, imeazimwa.
Mvulana ameshika Ü moja kwapani,
na kwa kuwa M haikuwamo katika ufundi wa babu yake
ameitengeneza kwa mikono ya miwani iliyovunjika,
miwili, imekunjwa katikati, imefungwa waya.

Gözüm. Jicho langu.
Ndivyo Feridun alivyomwita mkewe
kila asubuhi alipotaka chai,
na mtoto huyu hakuwahi kumsikia.

Nakşidil alisimama chini, mikono kwenye aproni.
Akasoma. Akasoma tena.
Kisha akasema nukta ya kushoto imekaa upande,
ashuke airekebishe,
au aiache.